Hita katika Banda la Gari

Miezi ya Juni na Julai, wakazi wa Tunduma na Mbozi huamkia Swala ya Alfajiri maji ya udhu yakiuma vidole. Baridi ya nyanda hizi haina mzaha, na ndiyo maana majumbani mwetu jiko la mkaa huingizwa chumbani na mlango ukafungwa. Jiko hilo halihitaji maneno mengi: hewa ya sumu itokayo katika mkaa haionekani wala hainuki, na huua watu wakiwa usingizini.

Baba mmoja wa Tunduma, akilikimbia jiko hilo, ametuuliza kuhusu hita ya umeme. Banda lake la gari amelifanya pia darasa. Baada ya Magharibi watoto wa mtaa husoma Qur'ani humo, mkeka wao ukiwa kando ya pikipiki. Amenunua hita ya wati 2000. Je, aichomeke kwenye ekstensheni itokayo sebuleni?

Asifanye hivyo. Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 230. Gawanya 2000 kwa 230, utapata karibu ampea 8.7, nazo huweza kupita saa nzima mfululizo. Ekstensheni nyembamba ikiachwa imeviringwa, au ikapitishwa chini ya mkeka, joto lake hukosa pa kutokea. Mpira huyeyuka, na mkeka hushika moto. Wala asiunganishe na waya wa taa, ambao kwa kawaida ni wa milimita za mraba 1.5. Hita ipewe njia yake kutoka kwenye boksi la breka: waya wa milimita za mraba 2.5, breka ya ampea 16, waya wa ethi uliofungwa kikweli, na kifaa cha kukata umeme uvujapo. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, si ya kishoka. Aombe kuiona leseni bila haya. Fundi wa kweli hachukii kuulizwa.

Lakini linalotutia hofu zaidi ni ile pikipiki. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni, mahali pale pale walipokaa watoto na ilipowekwa hita. Na katika mji wa mpakani kama huu, ni mabanda mangapi hayana dumu la mafuta pembeni? Achague: liwe banda la chombo au liwe darasa. Hita ya waya mwekundu isiwashwe penye petroli, hata ikiwa imefungwa kwa ustadi gani.

Kuhusu gharama, saa mbili kila usiku ni uniti 4, yaani 120 kwa mwezi. Mwenye kutumia uniti 75 kwa bei nafuu ataivuka mipaka hiyo kwa hita peke yake. Basi aanze kwa kuziba upenyo wa chini ya mlango na kutandika mikeka miwili.

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake, naye Mtume (s.a.w.) alipopewa habari aliamuru moto uzimwe kabla ya kulala. Hita nayo ni moto. Darasa likimalizika, ustadhi mwenyewe aizime na kuichomoa, asimwachie mtoto.