Kikohozi cha Mzee Wetu

Hivi karibuni, baada ya swala ya Alasiri, tulimzuru mzee mmoja wa msikiti wetu hapa Mbagala. Alikohoa miezi mingi. Alipimwa kifua kikuu, akaambiwa hana, akaendelea na dawa za kikohozi za dukani. Alipofikishwa Taasisi ya Saratani Ocean Road alikuwa amechelewa. Mjukuu wake akatuuliza: “Babu aliacha sigara zamani. Ugonjwa huu umetoka wapi?”

Hatukuwa na jibu siku ile. Tukasoma.

Ndani ya seli mna DNA, mfano wa kitabu mama kisichotoka maktabani. Kinachotoka ni nakala, yaani RNA, ipelekayo maagizo ya kutengeneza protini. Juu ya nakala hizo seli huweka alama ndogo za kikemikali, mithili ya alama za waqfu katika msahafu: maneno ni yale yale, ila msomaji huongozwa wapi asimame na wapi aendelee. Kimeng’enya METTL3 ni mmoja wa waandishi wa alama hizo. Mwaka 2016 watafiti wa Boston, Marekani, walionesha kuwa katika saratani ya mapafu kimeng’enya hicho huzidi, na maagizo ya kukua husomwa kupita kiasi. Tangu 2022 dawa ya kukizuia inajaribiwa kwa wagonjwa wa saratani. Bado imo majaribioni.

Moshi wa sigara hujeruhi DNA yenyewe, na majeraha hayo hudumu. Hata hivyo, aliyeacha kwa miaka 10 hivi, hatari yake ya kufa kwa saratani ya mapafu huwa takriban nusu ya anayeendelea kuvuta. Mzee wetu hakuacha bure.

Akina mama nao watahadhari: moshi wa kuni na mkaa katika chumba kisichopitisha hewa hudhuru mapafu.

Kamati imeamua kuwa sigara haitavutwa tena kwenye baraza la msikiti, na sehemu ya mchango wa Ijumaa itakuwa nauli ya wagonjwa. Kikohozi kikizidi wiki mbili, makohozi yakiwa na damu, au mwili ukikonda, tukapimwe. Tukiambiwa si kifua kikuu, tusirudi nyumbani kulala. Tuulize ni nini basi. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kutafuta tiba, na subira si kuuficha ugonjwa.

Mzee anaendelea na matibabu. Tumuombee dua.