Miaka 29 Rabai: Rebmann Alilipwa Nini?

Juma lililopita barazani kwetu palizuka ubishi ambao hata kahawa ilipokwisha haukwisha. Kijana mmoja, mwalimu wa shule, alikuwa ametoka Rabai, alikokwenda kuwaonyesha wanafunzi wake makumbusho ya wamisionari wa kwanza. Alirudi na hesabu yake. Johannes Rebmann, akasema, alikaa huku miaka 29. Akazika mkewe. Akapofuka macho. Na waliobatizwa mikononi mwake hawakupita idadi ya watu wanaoweza kujaa barazani petu. "Kazi bure," akamaliza.

Wazee wakacheka, na kicheko chao kilikuwa na raha ndani yake. Mmoja akasema Mola hakutaka, ndiyo maana hakumpa. Mimi sikucheka, nikaulizwa kama nimekwisha chagua jina la kubatizwa. Basi jibu langu nalileta hapa, kwa kuwa barazani hawakuniacha nikalimaliza.

Kwanza na tuelewane. Mimi ni Mwislamu, mtoto wa Mwislamu, na sina deni kwa misheni yoyote. Najua kwamba wale mapadri hawakutuandikia mema. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliuona Uislamu kuwa ukuta uliosimama mbele yake, na hakuficha. Lakini wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, nami naona haki ya Rebmann hatujampa.

Mtu huyu alizaliwa mwaka 1820 katika mji wa Gerlingen, Ujerumani ya kusini, akashuka Mombasa Juni 1846. Alimkuta Krapf ameshazika mke na mtoto mchanga ng'ambo ya pili, upande wa Nyali. Miezi miwili baadaye wote wawili walipanda kilima kwenda Rabai wakiwa na homa, wakaanza kazi. Krapf alikuwa mtu wa mipango mikubwa: alitaka mlolongo wa misheni kutoka pwani hii mpaka pwani ya magharibi ya Afrika. Mwaka 1853 afya ilimshinda akaondoka. Mwenzao mwingine, Erhardt, naye akaondoka mwaka 1855. Rebmann akabaki. Mwaka 1857 Wamasai walipoingia sehemu zile alikimbilia Unguja, kisha akarudi Rabai kule kule. Mkewe alifariki mwaka 1866. Bado akabaki.

Na mavuno? Wa kwanza alikuwa Mringe, mtu kiwete, aliyebatizwa mwaka 1851 akiwa kitandani pa mauti. Halafu ikapita karibu miaka kumi kabla ya Abe Gunja kukubali. Sir Bartle Frere alipopita Rabai mwaka 1873 alimkuta mzee ambaye macho yamekaribia kuzima, ameinamia makaratasi ya kamusi, na wafuasi wachache mno wamemzunguka. Wakubwa zake London walikuwa wamekwisha choka naye. Naam, kwa hesabu ya duka, yule mwalimu alisema kweli.

Lakini Wakristo wenyewe hawakufundishwa hesabu ya duka. Katika Injili kuna mfano ambao jirani yangu Mkristo alinisimulia siku nyingi zilizopita, wa bwana aliyesafiri akawaachia watumishi wake mali. Mmoja alipewa talanta tano akapata faida ya tano, mwingine alipewa mbili akapata mbili. Bwana aliporejea aliwasifu wote wawili kwa maneno yale yale, bila ya kupunguza hata neno moja kwa yule wa mbili. Aliyekaripiwa ni yule aliyeifukia amana ardhini kwa hofu. Mwislamu hahitaji kwenda mbali kulielewa jambo hili. Sisi tunaita amana na nia, na tunajua nani mwenye kuhesabu.

Mimi nasema Rebmann alilipwa, ila malipo hayakuja kwa mlango aliokuwa akiuangalia.

Tazama mambo ya Kilimanjaro. Alisafiri bara na msafara ulioongozwa na Bwana Kheri, Mswahili wetu, Mwislamu. Tarehe 11 Mei 1848 akaona mlima wenye cheupe kileleni. Alipomwuliza kiongozi wa njia kile cheupe ni nini, alijibiwa neno moja tu: baridi. Rebmann akafahamu kuwa ni theluji, akaandika hivyo. London mtaalamu wa jiografia aitwaye Cooley, ambaye mguu wake haujakanyaga huku, akamkejeli kwa miaka: theluji karibu na ikweta, muhali! Rebmann hakubadili alichoandika hata kidogo. Mwaka 1861 na 1862 Baron von der Decken akaupanda mlima kwa kiasi akaja na ushahidi ule ule. Miaka 13 mtu kuitwa mwongo kwa alichokiona kwa macho yake, na macho hayo hayo baadaye yakapofuka.

Hata hivyo, kwangu mimi mlima ni jambo dogo. Kubwa ni maneno. Palikuwa na mtumwa aitwaye Salimini, aliyetekwa upande wa Ziwa Nyasa akaletwa pwani. Katika miaka ya 1853 na 1854 Rebmann alikaa naye akimwuliza lugha ya kwao, neno kwa neno, nchi ambayo Rebmann hakuifikia hata siku moja. Kitabu kile hakikupigwa chapa mpaka mwaka 1877, na mwenyewe alikwisha kufa Oktoba 1876. Leo wataalamu wa Kichewa wakitaka kujua lugha yao ilivyokuwa zamani, hurudi kwenye kamusi iliyotungwa Rabai kutoka kinywani mwa mtumwa. Kamusi ya lugha ya Wamijikenda, aliyoshirikiana na Krapf, ilitoka mwaka 1887. Na ile kubwa ya Kiswahili ya Krapf, ambayo ina maneno ya Kimvita ambayo wajukuu zetu hawayajui tena, ilitoka mwaka 1882, Krapf naye akiwa kaburini tangu mwaka uliotangulia. Kuna nini katika kazi ile kwamba kila kitabu kilimsubiri mwenyewe afe kwanza!

Wazee wa barazani wasinielewe vibaya. Heshima hii si ya wazungu peke yao. Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo mwaka 1844, aliyemsaidia ni Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Alim yule hakuogopa kwamba imani yake itayeyuka kwa kumfundisha mgeni lugha. Na baadaye Mwalimu Sikujua alikaa na padri Taylor akimpa mashairi ya Muyaka, aliyekufa yapata mwaka 1840. Mashairi yale yalichapishwa mwaka 1940, Mwalimu Sikujua akiwa amekwisha fariki nusu karne nzima. Nani alimlipa? Bila yeye tungekuwa na jina la Muyaka na mistari michache ya kubahatisha.

Wala sisemi kuwa Rabai ilijaa kwa mahubiri ya Rebmann. Iliyoijaza ni kiu ya uhuru. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani, mengine ya babu zetu (tusijifanye hatujui), walikimbilia misheni hata ikawa fitina kubwa, mpaka mwaka 1888 kampuni ya Waingereza ikakubali kuwalipa mabwana fidia kwa watoro zaidi ya 1,400 wa Rabai na misheni nyingine. Lakini mahali pa kukimbilia palikuwapo kwa sababu kuna mtu aliyekataa kupafunga zaidi ya robo karne. Na Rebmann alipoondoka mwaka 1875, kipofu, aliyemshika mkono mpaka Ulaya ni Isaac Nyondo, mwana wa yule Abe Gunja. Barazani walicheka kwamba alipata wachache. Mimi nauliza, katika wengi wetu, nani ana hakika ya mmoja wa kumshika mkono?

Nina sababu yangu ya kulishikilia jambo hili, nami naitoa wazi. Marehemu baba yangu alikuwa nahodha. Tangu alipofariki nimekuwa nikiandika maneno ya bahari katika madaftari ya shule: foromali, dasturi, goshi, demani, na mengine mengi ambayo hutayasikia redioni. Madaftari yamefika kumi na mawili. Nilimpelekea mchapishaji mmoja, akaniambia hakuna wa kununua. Wanangu huniuliza, kwa upole, nitapata nini. Kwa miezi kadhaa mwaka uliopita niliyafunga kwa kamba nikayaweka juu ya kabati, karibu na kuyatoa yafungiwe njugu. Ndiyo sababu neno "kazi bure" lilinichoma kuliko lilivyomchoma mtu mwingine pale barazani.

Jana alasiri nilimkuta mzee mmoja Bandari ya Kale, akishona tanga. Nikakaa naye mpaka adhana ya magharibi. Alinipa maneno mawili ambayo sikuwa nayo, na moja akanisahihisha, kwa kuwa nililiandika vibaya kwa miaka saba. Usiku yule mwalimu akapita nyumbani, akaomba daftari la kwanza akaliingize katika kompyuta ya shule. Hakutaja Rebmann, nami sikumtaja. Nimempa, kwa sharti alirudishe kabla ya Ramadhani.