Saa Moja kwa Mashine Zote

Wako watu wasemao kwamba kutofautiana kwa saa za kompyuta ni jambo dogo lisilostahili kalamu. Msomaji, usiwasadiki. Chumba chenye kompyuta kumi na saa kumi mbalimbali hakina saa hata moja.

Fikiri zahanati moja ya Garissa. Daftari la mashine moja lasema dawa ilitolewa saa nne na dakika tano. La mashine ya pili lasema mgonjwa alipokewa saa nne na robo. Nani atajua kweli? Mwaminifu amekosa ushahidi, na mwivi amepata maficho.

Kosa hili lina asili yake. Saa ya kompyuta huendeshwa na fuwele ndogo itetemayo, na joto hubadili mwendo wake. Joto la Garissa halihitaji kuelezwa. Upotofu wa sehemu moja tu katika 100,000 hukaribia sekunde moja kwa siku, na kwa mwaka huzidi dakika tano.

Dawa yake imejulikana tangu 1985, ilipotangazwa kanuni iitwayo NTP, kazi ya Mmarekani David Mills. Kompyuta huiuliza seva saa, hupima muda wa swali kwenda na jibu kurudi, hukadiria ukawio wa njia, kisha hujirekebisha polepole.

Wavivu hujibu: "Kwetu Wajir na Mandera intaneti hukatika." Udhuru huu hausimami. Seva yaweza kukaa chumbani humo humo, ikipokea wakati kutoka setilaiti za GPS kwa antena iliyo juu ya paa. Hata hiyo ikikosekana, heri mashine zote zifuate moja inayokaguliwa kila siku, kuliko kila moja kufuata matamanio yake. Safu ya swala ina imamu mmoja, wala maamuma hatangulii kurukuu.

Wazee wa nchi hii walipima safari za ngamia kwa jua na nyota. Hakuna mchungaji aliyedai kuwa na jua lake peke yake. Itakuwa aibu gani sisi, wenye vyombo vya ajabu, tukishindwa na wao kwa mapatano! Basi kesho ukikabidhiwa ofisi, kabla ya kuiamini kumbukumbu yoyote, uliza kwanza: saa hii yafuata saa ipi?