Kisangani: Kakao inaua mbwa, wenye kuianika wasiseme hawakujua

Mjini Kisangani, mtu akisema kwamba chokoleti ni sumu kwa mbwa, watu wanacheka. Jibu ni lilelile: hayo ni mambo ya Wazungu, mbwa wa hapa anakula mifupa na mabaki ya fufu, chokoleti ataipata wapi?

Wanaocheka wanasahau chokoleti inatoka wapi. Inatoka katika kakao, na kakao iko hapa hapa Tshopo, upande wa Bengamisa na kwingineko, imeanikwa chini kwenye shitingi, bila ua. Na tangu bei ya dunia ilipopita dola 10 000 kwa tani moja mwaka 2024, kila mwenye shamba anataka kuipanda.

Kinachoua kinaitwa teobromini. Mwili wa mtu unaiondoa upesi. Wa mbwa unahitaji karibu saa 18 kuondoa nusu tu. Mbwa wa kuwinda wa huku ana uzito wa kilo 10 hivi. Gramu 40 za mbegu kavu, ni kusema konzi moja, zinaweza kumtia degedege. Chokoleti ya maziwa ya uzito huo huo ina sumu ndogo zaidi, mara kadhaa. Maganda ya mbegu nayo yana sumu hiyo, na watu wanayatupa nyuma ya nyumba!

Anayepoteza si mnunuzi wa kakao. Familia nyingi zilikimbia Lubunga tangu 2023, wakati wa mapigano ya Wambole na Walengola, zikaacha mashamba. Kwa mzee aliyevuka mto na mbwa wake mwenye njuga ya mti shingoni, mbwa huyo ni mboga ya watoto na mlinzi wa usiku. Kumwambia "utapata mwingine" ni matusi.

Wengine wanasema mbwa afungwe. Sawa, afungwe. Lakini aliyeanika sumu ndiye wa kwanza kuweka ua, na wanaofundisha wakulima kukausha kakao wangetumia dakika moja kulisema.

Mbwa aliyekula kakao akitapika, akihema, akikosa kutulia, moyo ukimwenda mbio, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Mawese wanayomnywesha kwa nguvu hayaondoi teobromini, na yakiingia mapafuni yanaweza kumwua kabla ya kakao yenyewe.