Niliitoa ile vidio ya gapi

Wasee, mmeniuliza sana ile vidio ya "Pesa ya Samaki Sebuleni" ilienda wapi. Hakuna mtu aliiripoti. Niliitoa mwenyewe Jumapili usiku, na ndiyo vidio yangu iliyotazamwa zaidi mwaka huu, kwa hivyo msidhani ilikuwa rahisi. Ile kitu ilikuwa inalipa bando. Lakini ina sekunde kumi hivi pale mwisho ambazo zimenikwama kooni kama mwiba wa ngege.

Kwa wale hamkuiona: nilisimama mbele ya tangi langu nikapiga hesabu. Majike watatu wa gapi, wale samaki wadogo wenye mkia wa rangi rangi. Kila jike anazaa watoto 30 kwa mwezi. Mara miezi 12. Mara shilingi 100. Jumla 108,000. Halafu nikaangalia kamera kama mhubiri wa krusedi nikasema, "Na wakikuzidi? Usijali. Mto uko hapo."

Hayo maneno ya mto ndiyo nimekuja kuyarudisha. Lakini hata zile hesabu zilikuwa na uongo, wacha nianze na hizo.

Ni kweli gapi anazaa. Hatagi mayai, anazaa watoto walio hai, wanaogelea dakika hiyo hiyo. Mimba ni kama wiki tatu hadi nne. Tena jike ana hii maajabu: akipandwa mara moja anahifadhi mbegu za dume ndani yake, na anaweza kuzaa mara kadhaa kwa miezi bila kumwona dume mwingine. Ndiyo maana ukinunua jike mmoja tu dukani, mpweke kabisa, mwezi ujao una ukoo. Hiyo sehemu sikudanganya.

Uongo ulikuwa kwa ile shilingi 100. Nilikuwa nimetoka chuo bila karatasi, nataka kitu chochote kinachojizidisha chenyewe, na sikujiuliza nani atanunua. Miezi nane baadaye nilikuwa nimeuza samaki 70. Mwenye duka alikuwa ananipa 30 kwa kila mmoja, mara nyingine ananiambia, "Kijana, leo rudi nao." Siwezi kumlaumu. Wateja wake wanataka gapi wa rangi moja, mkia mpana, ukoo unaojulikana. Wangu walikuwa wamechanganyikana wenyewe kwa wenyewe hadi wakafanana na matatu ya zamani iliyopauka jua. Kupata ukoo safi unahitaji matangi kadhaa, unatenga madume na majike mapema, unachagua, unaandika, unasubiri vizazi. Hiyo ni kazi. Kuna watu wanaifanya vizuri na inawalipa, heshima kwao. Mimi nilikuwa na tangi moja na simu.

70 mara 30 ni 2,100. Hita peke yake ilinigharimu zaidi ya hiyo, na bado sijagusa tokeni za stima.

Sasa, tangu ile vidio, watu walioniandikia ni wa aina mbili. Wale ambao samaki wote walikufa, na wale ambao samaki wamewazidi. Ni watu walewale kasoro wiki kadhaa, na wote niliwapoteza mimi.

Wa kwanza: "Brathe, nimebadilisha maji kila siku na bado wanakufa." Ndiyo, na huenda hayo maji mapya ndiyo yanawaua. Samaki anatoa amonia, nyingi ikipitia kwa mashavu yake, na amonia inamchoma. Kwenye ziwa inapotelea kwenye maji mengi na mimea. Kwa tangi lako inabaki hapo naye. Kinachomwokoa ni bakteria wanaokaa kwa sponji ya filta na kwa kokoto: kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, kundi lingine linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia hadi ubadilishe maji kidogo. Hao bakteria hawauzwi pamoja na tangi. Wanachukua kama wiki nne hadi sita kujijenga. Kwa hivyo mtu anayekuuzia tangi na samaki siku moja, mfuko mkono wa kulia, kioo mkono wa kushoto, anakuuzia mazishi.

Njia ya mkato ipo na ni ya bure. Tafuta mtu mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, umwombe kipande cha sponji yake chafu. Hiyo uchafu ya kahawia ndiyo mali. Iweke kwa filta yako ikiwa bado na majimaji, weka samaki wawili, usiweke kumi.

Na usioshe sponji kwa maji ya mfereji. Nilifanya hivyo mwezi wa pili, nikaisugua hadi ikawa safi kama ya kuosha vyombo, nikajisifu. Klorini ilimaliza bakteria wote. Siku ya tatu nilikuwa natoa maiti 11 na kijiko. Oshea sponji kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe, kwa upole. Maji ya mfereji yaache kwa ndoo wazi saa 24 kabla ya kuyaweka. Na kama mtaani kwenu maji yanakuja Jumanne na Ijumaa na siku zingine ni yule jamaa wa mkokoteni na mitungi, usibadilishe nusu ya tangi kwa maji ya mtungi usiyojua yametoka kisima gani. Robo inatosha, pole pole.

Baridi pia. Watu wa Mombasa hamna shida, nyinyi endeleeni. Lakini Nairobi mwezi wa Julai, maji ya tangi yanapoa usiku, na gapi anataka kama nyuzi 24 hadi 26. Akipoa anachoka, halafu unaona madoa meupe mwilini kama amenyunyiziwa chumvi. Samaki wa dhahabu yeye baridi haimsumbui, lakini huyo msimweke kwa bakuli la duara hata mara moja. Anachafua maji haraka kuliko mtu yeyote, anaweza kuwa mrefu kuliko kiganja chako na kuishi miaka zaidi ya 10. Lile bakuli mnaloliona kwa filamu ni pambo la filamu.

Haya. Sasa wale wa pili, ambao walishika maji vizuri wakafanikiwa.

Mmoja wao ni kijana wa sekondari. Aliniandikia kwa furaha, wala hakuwa analalamika. Gapi wake walizidi, mamake akasema tangi litoke kwa meza ya kula, na yeye akakumbuka ushauri wangu. "Nimewaachilia pale mtoni nyuma ya estate, brathe. 18. Wameogelea tu wakaenda, ilikuwa fiti sana." Akatuma na picha.

Nilianza kuandika "safi sana", kidole kikakataa.

Najua mtakachosema. Mto wenyewe ni maji taka na mifuko, nani atadhurika pale? Tatizo ni kwamba gapi ni mmoja wa samaki wanaovumilia maji machafu. Pale ambapo wengine wanakufa, yeye anaoa. Kwao ni kaskazini mwa Amerika Kusini na visiwa vya karibu kama Trinidad, hata jina lake ni la Bwana Guppy aliyepeleka Uingereza vielelezo kutoka huko miaka ya 1860. Leo yuko kwenye mito ya nchi nyingi zenye joto ambazo hakualikwa, mahali pengine akipelekwa makusudi ale mabuu ya mbu, mahali pengine akimwagwa na mtu kama mimi. Na kijito cha nyuma ya estate si mwisho wa dunia. Mto Nairobi unaingia Athi, Athi inakuwa Galana, Galana inakuwa Sabaki, Sabaki inaingia baharini karibu na Malindi. Ukimwaga kitu Eastlands umemwagia watu wengi.

Gapi mmoja mmoja hataziba ziwa, hilo nakubali. Lakini angalieni tumeshapata nini kutokana na vitu vilivyoingizwa na watu waliosema "si ni moja tu". Gugumaji linalofunga ufuo wa Kisumu hadi maboti yanakwama, asili yake ni Amerika Kusini, na lilisambazwa duniani kwa sababu lina ua zuri la zambarau. Lilikuwa pambo la bwawa! Kitu cha watu kama sisi wa matangi. Mbuta naye aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameshatafuna fulu. Waulizeni wazee wa kando ya ziwa kuhusu fulu. Inakadiriwa kulikuwa na aina zaidi ya 500, nyingi hazipo popote pengine duniani, na mamia zilipotea. Mbuta ameleta pesa na viwanda, siwezi kujifanya hajaleta, ila fulu hawarudi. Aina chache zimebaki hai kwa sababu kuna watu Ulaya na Marekani wanazizalisha kwenye matangi. Yaani samaki wa Nyanza anahifadhiwa kwa sebule ya mtu wa mbali, na mimi hapa nazalisha gapi wa Trinidad nikiwamwaga mtoni.

Inayoniuma zaidi ni Naivasha. Mnaenda pale wikendi mnapiga picha na viboko, mnakula samaki wa kukaanga. Karibu kila samaki unayemla pale ni mgeni. Bass aliletwa 1929 kwa ajili ya watu wa kuvua kwa starehe. Kamba wa Louisiana aliletwa 1970, akala mimea ya majini na yungiyungi. Kapu walifika karibu na mwaka 2000. Na kabla ya hao wote lile ziwa lilikuwa na samaki mmoja wa kwake, kadogo hivi, saizi ya gapi, wa jamii ya wale wanaong'aa macho. Mara ya mwisho kurekodiwa ni 1962. Hakuna mtu aliamka siku moja akapanga kumwangamiza. Angependeza kwa tangi, kusema kweli.

Kwa hivyo ushauri wangu mpya, ule ningetoa tangu mwanzo kama ningekuwa na akili ya leo: fuga madume peke yao. Ndio wenye rangi hata hivyo. Utawajua kwa pezi la chini ya tumbo: la dume ni jembamba kama kijiti, la jike limetanuka kama feni, na jike ana doa jeusi karibu na hapo. Kama una mchanganyiko, watenge wakiwa na wiki nne hivi, usingoje rangi zitoke zote. Kama una majike wenye mimba tayari, toa mimea ya kujificha, wakubwa watakula watoto wengi wenyewe. Ni unyama, najua, lakini ndivyo wanavyofanya hata kwao. Wanaobaki wape duka bure. Usiombe 30. Au mpe rafiki anayefuga samaki wakubwa, hao watafurahi kwa sababu zao. Unataka wale mbu? Waweke kwa pipa lako la maji lisilofurika, liishie hapo.

Samaki mgonjwa asiyepona usimwage chooni. Mweke kwa bakuli la maji ya tangi na mafuta ya karafuu matone machache, atalala kwanza, kisha ongeza hadi mashavu yaache kupumua, na umwache hapo kama nusu saa. Mfukie kwa maua. Na maji ya tangi mwagia sukuma wiki, yana mbolea, msiyamwage kwa mtaro unaoenda mtoni, yanaweza kuwa na watoto usiowaona na vimelea vya ugonjwa.

Vidio haitarudi. Nimeambiwa ningekata tu zile sekunde kumi niache zingine ziendelee kuniletea pesa. Lakini zile hesabu za 108,000 ndizo zinazojaza matangi, na matangi yakijaa watu wanatafuta mto hata kama sijawaonyesha.

Yule kijana sikumgombeza, ningemgombeza na nini? Nilimwambia tukutane. Jumamosi tulienda pale nyuma ya estate na kichujio cha chai, chandarua kilichochanika na ndoo ya rangi. Tulikaa saa tatu, watoto wa pale wakituuliza kama tumepoteza simu. Tulipata wawili, wote madume. Nikamuuliza kati ya wale 18 majike walikuwa wangapi. Akasema kama 12 hivi.

Jumamosi hii tunarudi, na chandarua kizima.