Usilipie mchoro wa bomba usiojibu swali la koki

Vijana wenzangu, siku hizi ukitaka kufunga umwagiliaji wa matone, fundi anakuja na laptop. Anakuonyesha mchoro wa rangi na presha ya kila kona. Safi sana. Lakini mimi nasema usitoe hela kabla hujamuuliza: "Koki ikifungwa ghafla, au umeme ukikatika, inakuwaje?"

Kwa nini? Programu nyingi za kupanga mabomba, ikiwemo EPANET ya bure kutoka Marekani, hukokotoa maji yakiwa yanatiririka kwa utulivu. Kishindo cha sekunde chache hazikioni. Na bomba hupasuka kwenye sekunde hizo hizo.

Tupige hesabu. Maji yanakwenda mita 1.5 kwa sekunde kwenye bomba la PVC, halafu yanazuiwa ghafla. Mshtuko wake unarudi nyuma kwa mwendo wa kama mita 400 kwa sekunde. Zidisha 1.5 kwa 400, unapata kilopaskali 600, yaani bar 6 za ziada. Kama pampu ilikuwa inasukuma bar 3, sasa una bar 9 ndani ya bomba lililoandikwa PN 6, la bar 6. Leo litavumilia. Likipigwa hivyo kila siku, litaachia tu.

Ghafla ni muda gani? Kwenye bomba la mita 600, mshtuko huenda na kurudi kwa sekunde 3. Ukifunga ndani ya muda huo, unakula kishindo chote. Koki ya mpini wa robo mzunguko inafungwa kwa sekunde moja!

Kuna jambo lingine. Koki nyingi ukianza kuzifunga hazipunguzi maji sana, hukata mwishoni. Kwa hiyo hata fundi mwenye programu ya kupima kishindo, akiweka kwamba koki inapunguza maji sawasawa mwanzo hadi mwisho, atakupa majibu ya kukufariji. Aingize aina ya koki utakayonunua kweli na muda utakaoifunga. Aweke pia umeme kukatika, maana hapo maji yaliyokuwa yakipanda kwenye tanki hugeuka na kugonga valvu ya kuzuia maji kurudi.

Najua wapo watakaosema hizo ni gharama. Kwa kipampu kidogo na mpira mfupi, nakubali, hesabu ya hapo juu inatosha. Ila ukilaza PVC mamia ya mita kupeleka maji tanki la mlimani, dai kipimo hicho kiwe kwenye mkataba.

Na usisubiri kompyuta kwa hili: funga koki taratibu, hasa mwishoni. Unapobadilisha kitalu, fungua kinachofuata kwanza, ndipo ufunge kilichomaliza. Hiyo haina gharama yoyote.