Wenzi wa Kompyuta Kuukuu

Wiki hii tuzungumze juu ya kompyuta kuukuu. Utaniuliza: kompyuta kuukuu yanihusu nini mimi mkulima? Ngoja kidogo. Wako jamaa zetu waliokwenda Ulaya kusoma au kufanya kazi katika miaka ya 1980, wakajinunulia kompyuta ya nyumbani, wakaandikia humo barua zao na habari za ukoo. Tuseme mwenyewe amekwisha fariki, nanyi mmeletewa sanduku lake. Ndani mna kibao kinene cha herufi, kisoma disketi, na disketi nyembamba zilizojaa maandiko ya marehemu. Maneno yake yamo humo, lakini jicho haliyaoni. Yatakiwa printa ya kuyatoa kwenye karatasi, na pengine modemu ya kuyapeleka kwa ndugu walio mbali. Printa ipi, na modemu ipi? Hapo ndipo watu wanapotupa fedha zao.

Nitatwaa mfano mmoja tu, Commodore 64. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1982, na Ujerumani Magharibi ilipendwa mno. Kampuni iliyoitengeneza ilifilisika mwaka 1994, kwa hiyo printa zake zote utakazozipata ni za mkono wa pili, na muuzaji mara nyingi hajui anauza nini. Yakupasa ujue wewe.

Kwanza umeme, kabla hujawasha kitu. Kifaa kilichonunuliwa Marekani chataka volti kama 120, na umeme wetu wa Tanzania ni volti 230. Kichomeke ukutani, na hutakuwa na haja tena ya kutafuta printa. Soma kibandiko cha kila chombo, cha printa pia. Tena, hata transfoma ya Ulaya isikudanganye. Transfoma nyingi za Commodore zimejazwa gundi ngumu ndani, hazifunguki kwa urahisi, nazo zikizeeka hupandisha zile volti 5 zinazolisha kompyuta, zikaunguza chipu za kumbukumbu. Mpe fundi wa redio aipime. Ikizidi volti 5 na robo, iweke kando. Mimi naona heri kununua transfoma mpya, maana wako mafundi wanaozitengeneza hata leo, na ya zamani yaweza kupima vizuri asubuhi na kuharibika jioni.

Sasa printa. Tazama nyuma ya kompyuta. Utaona tundu la mviringo lenye pini 6. Hilo ndilo la kisoma disketi na printa pamoja. Jirani yake liko tundu lingine la mviringo linalofanana nalo, lakini hilo ni la picha, la kupeleka kwenye televisheni, basi hesabu pini kwanza. Waya watoka kwenye kompyuta kwenda kwenye kisoma disketi, na kutoka hapo waya mwingine wafika kwenye printa, kama watu walioshikana mikono. Ili wasijibu wote kwa pamoja kila mmoja ana namba yake: kisoma disketi ni 8, printa ni 4.

Basi printa inayofaa ni ile yenye tundu hilohilo la pini 6 na inayoelewa lugha ya Commodore. Jina la Commodore peke yake halitoshi. Kampuni hiyo ilitengeneza pia printa kwa kompyuta zake za kwanza zilizoitwa PET, kama ile namba 4022. Hizo zina plagi pana bapa, wala hazikubali bila kifaa kingine cha kati. Muuzaji atakuonyesha jina lililoandikwa mbele. Wewe mwambie ageuze printa, uone nyuma.

Zinazokubali moja kwa moja ni kama MPS-801, MPS-803 na MPS-1230. Ile 801 ni rahisi kupatikana, lakini ina mambo mawili yasiyopendeza. Yataka karatasi ndefu iliyotobolewa matundu pembeni, ambayo siku hizi ni shida kuipata. Tena herufi zake hupigwa kwa vidoto 7 tu kwenda chini, hata mikia ya g, p na y haishuki chini ya mstari, bali hukaa imekunjamana juu. Sasa andika “yeye ndiye aliyegawa pesa” uone. Ningekuwa mimi ningetafuta MPS-1230. Hiyo ina pini 9 za kuchapia, mikia yake yashuka kama inavyotakiwa, nayo hukubali karatasi moja moja.

Je, ukipewa Epson ya zamani, kama FX-80? Ni printa imara, lakini plagi yake ni ya namna nyingine, pana yenye pini 36, na haielewi lugha ya Commodore. Upo waya unaotoka kwenye mlango mpana wa nyuma wa kompyuta hadi Epson, tena wa bei nafuu, ila hufanya kazi na programu chache zilizofundishwa kuutumia. Je, programu aliyoandikia barua marehemu waijua? Kama huijui, nunua kile kijisanduku cha kati kinachofasiri lugha. Bila kufasiriwa, herufi kubwa hugeuka ndogo na ndogo hugeuka kubwa, barua nzima.

Kujaribu ni jambo la dakika moja. Zima vyote, unganisha waya, ndipo uwashe. Usichomoe wala kuchomeka waya wakati umeme umewashwa. Kisha andika OPEN 4,4 ubonyeze RETURN. Andika PRINT#4,"HABARI" ubonyeze tena. Malizia kwa CLOSE 4. Printa ikiandika habari, mmekubaliana. Kompyuta ikijibu DEVICE NOT PRESENT, ndiyo kusema haioni printa: tazama waya, na namba 4.

Tukija kwenye modemu, shauri langu ni kinyume. Printa nunua ya zamani. Modemu usinunue ya zamani kabisa. Commodore iliuza VICMODEM, lakini hiyo iliunganishwa kwa waya wa mkono wa simu za Kimarekani. Ujerumani Magharibi shirika la posta lilikataza watu kujiunganishia vyombo vyao kwenye laini, basi walitumia kifaa chenye vikombe viwili vya mpira, ukalaza mkono wa simu juu yake, kompyuta ikapiga filimbi ndani ya simu. Mwendo wake ulikuwa kama herufi 30 kwa sekunde. Ukurasa wa herufi 2,000 ulichukua zaidi ya dakika moja, na mtoto akipiga kelele chumbani, herufi ziliharibika. Leo utampigia nani? Quantum Link, huduma ya Marekani iliyowahudumia wenye Commodore tangu mwaka 1985, ilikwisha fungwa.

Badala yake nunua kibao kidogo cha waifai kinachojifanya modemu. Huingia katika ule mlango mpana wenye njia 24. Kompyuta hudhani inapiga simu, kumbe yapitia intaneti. Vingi hutumia chipu iitwayo ESP8266, nayo husikia waifai ya gigahezi 2.4 tu. Lakini hakikisha muuzaji amesema kimetengenezwa kwa Commodore 64. Modemu ya kawaida ya kompyuta nyingine, hata ikitiwa waya unaoingia vizuri, hupeleka volti hata 12 mahali panapotaka 5, na chipu ya mlango ule hufa. Ile yataka kifaa cha kushusha volti katikati.

Na kwa kuwa disketi nazo huzeeka, yafaa kazi ya kwanza iwe kuzinakili. Kiko kifaa kiitwacho ZoomFloppy, kinachounganisha kisoma disketi cha zamani na kompyuta ya leo. Kisha ndipo uchape kwa nafasi. Utepe wa wino ukitoa maandiko hafifu, si printa iliyokufa, ni wino uliokauka. Uliza utepe mpya kwa namba ya printa yako, wala usikubali “unaofanana.”